Mawe ya Clifford

Edna Barraclough alikuwa na ugonjwa walio nao nusu ya watu wa Halifax, kule Uingereza: hakuweza kumwambia mtu neno baya usoni. Akikanyagwa mguu sokoni, yeye ndiye anayeomba radhi.

Mumewe, Harold, alirudi na kifua kibovu kutoka kiwanda cha sufu. Ngazi zilikwisha kumshinda, kitanda chake kikashushwa chumba cha nyuma. Majira ya kuchipua, jirani yao Clifford, mstaafu asiyejua kukaa bure, akawatandikia mawe uani ili mgonjwa apate pa kuota jua. Hakutaka hata senti. Mawe yalipendeza, sikatai. Lakini Clifford aliyapandisha mpaka yakabana ukuta na kuufunika ule mstari mweusi wa lami kati ya matofali, uliowekwa makusudi kuzuia maji ya ardhini yasipande.

Kufika Novemba, ukuta ulilowa hadi usawa wa kiuno. Karatasi za ukutani zilibanduka, chumba kikanuka uvundo, na Harold hakuacha kukohoa. Edna akaita fundi.

"Mama, mawe yanatakiwa yakae chini ya mstari, kimo cha matofali mawili," fundi alisema. "Ng'oa safu hii ya ukutani, chimba mfereji, jaza kokoto. Ukuta utakauka wenyewe. Nani kafanya madudu haya?"

"Sijui," Edna alijibu. Hajui! Na Clifford yupo dirishani kwake anawapungia mkono.

Alikwenda kwa Clifford kumwambia, akarudi na keki. Akaenda tena, akataja unyevu tu, akajikuta anayasifu mawe.

"Unyevu huo ni birika lako, Edna," Clifford alimshauri. "Chai kutwa! Fungua madirisha, bibie."

Akafungua. Novemba! Harold nusura agande.

"Nitamwambia leo," Edna alimwambia mumewe, yamemfika shingoni.

"Usimuudhi, mke wangu. Mtu kajitolea."

"Na wewe ukifa?"

"Basi nife. Lakini Clifford usimuudhi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hawa walikuwa wakikisubiri kifo kwa adabu zote. Daktari alipokuja, hakuzunguka: Harold ahame chumba kile, la sivyo apelekwe nyumba ya wazee. Na nyumba nzima haikuwa na chumba kingine cha chini ila jiko.

Edna alimsindikiza daktari mlangoni, akamshukuru, akamwombea safari njema. Kisha akavaa buti, akachukua mtaimbo wa Harold, akatoka mvuani. Jiwe la kwanza liling'oka kwa kishindo.

Clifford akaja mbio na ndala zake za ndani. "Edna! Una wazimu?"

"Mawe yako yananiulia mume, Clifford."

Edna alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. Clifford alilitazama lile jiwe, maji ya mvua yakimchuruzika puani.

"Najua," alisema hatimaye. "Nimejua tangu kiangazi. Nilikuja kukwambia, ukanikaribisha chai. Nikaja tena, ukaanza kuyasifu. Nikakosa pa kuanzia."

Edna alimtazama mpaka mzee wa watu akainamisha kichwa. Ndani, Harold alikuwa akikohoa, na wote wawili walimsikia.

Edna akamkabidhi Clifford mtaimbo. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumuuliza kama atapenda chai.