Mwili wa Gomesi ya Kijani

Picha isiyo na uso ni ya nani? Swali hili lilinikaa kooni nikiwa darasa la tatu, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa kunituma dukani.

Sisi tuliokulia Kampala kabla kila mtu hajawa na simu yenye kamera tunazikumbuka picha zile. Fundi picha wa mtaani kwetu, pale Nakivubo, hakuwa na mashine ya kutoa picha ndogo za kitambulisho. Alikupiga picha moja kubwa, umekaa kwenye stuli mbele ya pazia jekundu, kisha akautoboa uso wako kwa kikatio cha chuma. Uso ulikwenda kwenye fomu. Mwili aliutupa kwenye boksi nyuma ya studio, na boksi lile lilikuwa letu.

Mimi na binamu yangu Zaituni tulikuwa na mchezo wetu. Unachukua gazeti lililofungia chapati, bado lina mafuta na harufu ya kitunguu, unakata kichwa cha mtu maarufu kwa wembe, kisha unakipa mwili unaofanana na jina lake. Mchekeshaji aliyejiita Kkapa, yaani paka kwa Luganda, alipata mkia na makucha. Mwimbaji Malkia Limau alibaki uso juu ya limau lililokatwa kwenye kalenda. Mwanasoka waliyemwita Jiko tulimwashia makaa tumboni. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa muhogo, na tulicheka mpaka kwikwi. Watoto wa siku hizi wanabonyeza mara moja tu, waziri kawa mbuzi, na wala hawacheki. Wanasogeza kidole kwenda kwa mbuzi mwingine.

Habooba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, hakuupenda mchezo. "Mkishamaliza kucheka, vibandueni vichwa hivyo kabla ya magharibi," alisema. "Msiwalaze watu na miili isiyo yao."

Nilimuuliza kwa nini. Akanituma chumvi.

Siku moja Zaituni alikata kichwa cha Mama Wote, mtangazaji wa redio. Jina kama hilo lilitaka mwili wa mama. Akachambua boksi, akatoa mwanamke wa gomesi ya kijani, lile vazi refu la kina mama wa Uganda lenye mabega yaliyochongoka, mikono imelala mapajani, na tundu la mraba mahali pa uso.

"Huyo ni mama yangu," nilisema.

"Bambi, maskini! Mama gani hana hata shingo?"

"Gomesi ni yake. Tazama, kifungo kimoja cha dhahabu, kingine cheusi. Habooba ndiye aliyekishona."

Nilimvuta mpaka kwenye sanduku la nguo, nikamwonyesha gomesi yenyewe. Zaituni alivishika vifungo kimoja kimoja. Kisha akampaka uji Mama Wote na kumbandika palepale. "Haya, sasa ana uso. Msalimie."

Mama alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka minne. Nyumbani hapakuwa na picha yake, na sura yake ilikuwa ikinitoka, kwanza macho, halafu mdomo. Niliuchukua mwili ule, nikauficha chini ya godoro, nikaanza kuutafutia uso: msoma habari, mrembo wa sabuni, mke wa mheshimiwa fulani. Kilichonitisha ni kwamba hakuna uliokataa. Kila uso ulikaa, na mikono ile ikaonekana kama imejiweka upya kumfuata mgeni wake.

Kila asubuhi uso ulikuwa umebanduka, uko sakafuni chini ya kitanda, unanitazama. Najua mende wanakula gundi ya muhogo. Niliwaona kwa macho yangu. Lakini mende hawaelezi kwa nini sikukuta hata uso mmoja umeanguka kifudifudi. Mwishowe niliacha kubandika, nikawa naongea na mikono tu. Niliikariri kidole kwa kidole. Nikiumwa, ndiyo niliyoiwaza kwenye paji la uso wangu.

Siku hizi simu yangu imejaa nyuso, na ukitaka itakuchorea hata mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Hakuna tundu popote. Zamani mtu akikosekana, ulipaona mahali alipokosekana.

Mama alirudi nikiwa chuo kikuu, mnene kidogo, mwenye sauti niliyohitaji kuizoea. Mwaka jana, tulipokuwa tunahamia Lubaga, picha ile iliponyoka kitabuni mwangu. Aliiokota, akakaa juu ya boksi la vyombo.

"Gomesi ni yangu," alisema. "Mikono si yangu."

"Ni ya nani?"

"Rehema. Hakuwa na nguo ya kupigia picha ya pasipoti, nikamwazima. Tulipanda ndege moja."

Rehema alifia huko kabla mwaka haujaisha. Kwao hawana picha yake hata moja. Uso alikwenda nao.