Karatasi Alizobandua Cephas Ondiek

Saa mbili kasorobo asubuhi, Cephas Ondiek anapitisha kidole kwenye tundu la jiwe la kunolea, analiacha lining'inie, kisha analigonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Jiwe linalia kama kengele. Anagonga upande wa pili, anatega sikio.

"Hili zima," anasema. "Lenye ufa hutoa mlio wa chungu kibovu. Hilo usilitie kwenye mashine, litakuua."

Hapa ni karakana ya kunoa zana mjini Homa Bay, na mwaka huu wa 1968 kazi ni tele. Visu vya mashine za kuchambulia pamba vimejaa mezani, patasi za maseremala ziko kando. Vyote vinamsubiri Cephas, naye wala hana haraka.

Anapangusa shafti, yaani mhimili wa mashine, kwa kitambaa, anatelezesha jiwe bila kulilazimisha. Kila ubavu wa jiwe una karatasi nene ya duara iliyobandikwa kiwandani. Juu ya karatasi hizo anaweka visahani viwili vya chuma, kimoja huku, kimoja huku, na kukaza nati kiasi cha haja tu. Analizungusha kwa mkono, anawasha mashine, anasimama pembeni dakika nzima. Mashine imetulia tuli.

"Asante Mungu," anasema. Husema hivyo kila siku. Ukisikia yaliyompata, hutamshangaa.

Cephas, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni mzaliwa wa Magunga. Kwa miaka tisa alinoa zana katika karakana ya mgodi kule Migori, ambako msimamizi ndiye aliyefunga mawe. Yeye alinoa tu. Kazi ya mgodini ilipokwisha, akapata hii ya shilingi mia moja na hamsini kwa mwezi. Hapa kila kitu kikawa juu yake, hata kufunga mawe.

Naye ni mtu nadhifu, jamani! Jiwe jipya likifika, kwanza alibandua zile karatasi zote.

"Nilidhani ni kama karatasi ya sabuni," anasema, akijicheka. "Nani huoga na karatasi ya sabuni?"

Basi mashine ikaanza kutetemeka. Bila karatasi, chuma hakikai sawasawa juu ya jiwe lenye chembechembe, nalo huzunguka likiyumba. Cephas akazidi kukaza nati, mambo yakazidi kuharibika. Visu vilitoka na mawimbi kwenye makali, wateja wakavirudisha. Katika miezi minne alimaliza mawe matano.

Lakini mikono ndiyo iliyomtisha. Kwa mtetemo ule vidole vilipauka, vikafa ganzi.

"Mke wangu ndiye aliyenifunga vifungo vya shati," anasema. "Siku moja nilishika sufuria ya moto. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijasikia maumivu."

Msimamizi wa karakana hii, Wangwe, alimwambia bila kupepesa macho: "Cephas, nakupa mpaka Jumamosi. Mashine ikiendelea hivi, natafuta mtu mwingine."

Cephas alikuwa amekalia kuti kavu. Na mnoaji asiye na vidole ataajiriwa na nani?

Msaada ulitokea kwenye chai. Mkewe, Filister, huuza chai na maandazi hatua chache kutoka karakana. Zile karatasi aliziweka chini ya vikombe, meza isichafuke. Alhamisi ile akaja Farah Abdirashid, mwenye duka linalouza mawe hayo. Akainua kikombe chake, akatazama chini yake, akakodoa macho.

"Mama Jedidah, hizi umetoa wapi?"

"Baba Jedidah huniletea kutoka kazini. Si nzuri?"

"Nzuri? Wallahi, mama, hizi si za chai!"

Aliacha chai nusu, akaingia karakana karatasi mkononi.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Cephas. "Lakini hakunicheka mbele ya watu. Alivua koti, tukafunga jiwe jipya pamoja na karatasi zake. Nilipogusa mashine nilidhani jiwe halizunguki. Nililia, sikufichi."

Jumamosi Wangwe alifika, akaweka kiganja juu ya mashine ikizunguka, akaenda zake. Jumatatu Cephas alikuwa bado kazini.

Tangu siku hiyo humwita Farah "japuonj", yaani mwalimu, na kila wakikutana humwambia "erokamano", asante, mpaka mwenzake anachoka.

"Asante ya nini kila siku?" Farah analalamika. "Miaka kumi na moja nauza mawe, sikuwahi kumuuliza mtu anayafungaje. Kosa ni langu pia."

Wiki iliyopita Farah alileta habari nyingine. Fundi mmoja wa Kehancha, Javan, amenunua mawe manne tangu Krismasi, na la mwisho lilimponyoka mkononi papo hapo dukani. Jumamosi hii Cephas anakwenda huko, na baadaye Asumbi na popote yalikouzwa mawe ya Farah, akaonyeshe watu jinsi ya kuyafunga. Wangwe amempa ruhusa.

Kwa nini asimwandikie Javan barua tu? Cephas anainua mkono wake wa kulia. Vidole vinne vimepata nafuu. Cha mwisho bado kimepauka, na anakigonga ukingoni mwa meza mara mbili, kwa nguvu, bila kukunja uso.

"Hiki hakikurudi," anasema. "Barua itakawia. Nataka nimkute Javan bado ana vyote kumi."