Kitenzi cha Ukurasa wa Mwisho

Nyumba ile ilikuwa na milango miwili ya mbele, jambo lililowatatiza wageni, kwa maana nyumba nyingine zote za mtaa zilikuwa na mmoja mmoja. Mlango wa kulia ulikuwa wa mwandishi wa hadithi za mapenzi. Wa kushoto ulikuwa wa mumewe, fundi wa redio. Aliyebeba redio iliyokauka sauti aliingia kushoto, aliyebeba kitabu kitiwe sahihi aliingia kulia, na aliyekosea aliambiwa kwa upole, “Mlango wa pili,” akatoka nje, akapiga hatua chache, akabisha hodi upya. Njia ya ndani baina ya pande hizo mbili haikuwapo.

Mwandishi huyo alianza maisha ya kazi kama karani mpiga chapa katika ofisi ya mahakama, na ndiyo sababu mumewe, hata baada ya yeye kustaafu, aliendelea kumwita Karani, naye akamwita Fundi. Alichopiga chapa kule, asubuhi hata jioni, ni madai ya talaka. Katika madai hayo alijifunza jambo ambalo lilimkaa kichwani lisitoke: kwamba watu wazima, waliolala kitanda kimoja na kuzaa, huachana kwa ajili ya mfuniko wa sufuria, au kwa dirisha lililoachwa wazi mvua ikaingia. Wengine wangesikitika. Yeye alitaka kujua. Ikiwa mfuniko unatosha kuwatenga watu wawili, alijiuliza huku vidole vikienda, basi ni kitu kidogo cha namna gani kilichowakutanisha? Swali hilo hakuna dai lililolijibu. Akaanza kulijibu mwenyewe, nyuma ya karatasi zilizoharibika, saa ya chakula cha mchana.

Hivyo ndivyo vitabu vyake vilivyopata kuzaliwa, na hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwavyo. Katika hadithi zake hakuna aliyezimia kwa kuona uso wa mtu. Mwanamke alimpenda mwanamume kwa jinsi alivyofunga kamba za viatu vya mtoto asiye wake. Mwanamume alianza kukosa usingizi kwa sababu mwanamke fulani alimrudishia penseli akiwa ameichonga. Aliyaokota mambo hayo kila mahali: kwenye foleni ya benki, kwa kinyozi, hospitalini penye mabenchi. Alikuwa na macho yasiyo na haya na masikio marefu, na watu wa mtaa, waliojua hivyo, walisoma kila kitabu chake kama wanaosaka jina la jirani gazetini. “Yule daktari wa meno ni yule wa kona,” waliambizana. “Ana mwendo uleule!”

Kila sura ilipokamilika, aliizunguka nyumba, akabisha hodi mlango wa kushoto, akaketi kwenye kigoda na kumsomea Fundi huku Fundi akichomelea nyaya. Juu ya mapenzi Fundi hakusema neno katika maisha yake yote. Maoni yake yalihusu kazi.

“Huyo mpaka rangi wako,” alisema siku moja juu ya kitabu kipya, “anapaka ukuta uliopigwa lipu jana?”

“Ana haraka ya kumaliza, amwone mwalimu.”

“Amwone, lakini rangi itabambuka. Mwalimu wa hesabu hatampenda mtu ambaye rangi yake inabambuka.”

Mwandishi akaenda akairekebisha sura nzima. Mpaka rangi akasubiri ukuta ukauke, na kule kusubiri kukawa ndiko kulikomvutia mwalimu. Wasomaji hawakujua kwamba nusu ya mahaba waliyoyasifu ilitoka kwa mtu aliyekuwa akitetea lipu.

Kitabu hicho ndicho kilicholeta taabu. Karatasi za majaribio, zile zinazotangulia kutolewa ili makosa yaokotwe kabla ya kitabu kuchapwa, zilimfikia zikiwa safi, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Hapo mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye nyumba yake mwenyewe, anamfungulia mlango mpaka rangi aliyekuja kuhamia kwake siku ya ndoa yao, na kumwambia: “Ingia. Leo nimekuoa.” Neno la mwisho lilikuwa limezungushiwa penseli, na pembeni mhariri alikuwa ameandika: Kosa au kusudi?

Mtoto yeyote aliyepita darasa la nne anafahamu kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mzizi ni mmoja, lakini mmoja hutenda na mwenziwe hutendwa, na mwalimu wa zamani angelikata neno hilo kwa wino mwekundu bila kuuliza habari za kusudi. Mwandishi alilitazama. Akavua miwani, akaifuta, akalitazama tena. Hakukumbuka kuliandika.

Alimpigia simu mhariri, binti mwenye umri wa kuweza kuwa mwanawe, hodari na mwenye adabu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeiona penseli yako.”

“Nisamehe, mama, sikuthubutu kuligusa. Msomaji akilikuta hivyo, atasema sisi hatujui Kiswahili. Au atasema wewe una lako jambo.”

“Na wewe wasemaje?”

“Mimi nasema, likiwa kosa tulitoe, likiwa kusudi tulilinde. Lisiwe katikati tu. Mtambo unaanza keshokutwa.”

“Nipe hadi kesho asubuhi.”

“Mama, kwani hujui kama ulikosea?”

“Sijui.”

Mhariri akacheka, akidhani anataniwa.

Lakini haukuwa utani. Mwandishi alishika tama mbele ya karatasi zile na kujihoji kama shahidi. Kwanza alivishuku vidole. Vidole vyake vilikuwa vimepiga chapa “mdaiwa alimwoa mdai” mara nyingi kuliko vilivyopiga jina lake mwenyewe. Huenda vilijiendea tu, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Hoja hiyo ilimridhisha kwa muda wa kunywa chai. Kisha akaiona ilipopasuka: katika madai yale hakuna aliyesema na mwenziwe. Wote walisemwa. “Alimwoa” alikuwa ameliandika mara elfu. “Nimekuoa”, kwa kinywa cha mwanamke, hakulikuta katika faili lolote.

Hapo wasiwasi wa kweli ukaanza kumpanda, kwa sababu neno hilo lilikuwa na historia katika nyumba yenye milango miwili. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake, aliyemwachia. Walipofunga ndoa, Fundi ndiye aliyehamia, na wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua. “Shemeji,” walimwuliza mwandishi njiani, kwa sauti ya kusikika ng'ambo, “bi harusi wetu hajambo? Anapika vizuri?” Fundi alisikia, akameza. Mwaka haukwisha kabla hajavunja ukuta wa mbele na kutia mlango wake mwenyewe, ili wateja wake wasipite kwa mtu. Juu ya jambo hilo walikuwa hawajazungumza hata siku moja. Na sasa mtaa mzima, wenye mchezo wa kumtafuta jirani katika kila ukurasa, ungekuta mwanamume anayehamia kwa mke na kuambiwa kwa herufi za chapa kwamba ameolewa. Ukurasa huo hakuwa amemsomea Fundi. Alimwambia kwamba mwisho haujatulia.

Alasiri ile alifika wifi yake, dada wa Fundi, mwanamke ambaye maneno hayamlali mdomoni. Alikuwa hajaketi sawasawa.

“Wifi,” mwandishi alimwuliza, “umepata kumsikia mwanamke akisema ‘nimeoa’?”

“Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemwoa kaka yangu?” Akacheka mpaka akashika ubavu. Alipoona mwenziwe hacheki, akajikohoza. “Usinitolee macho, wifi yangu, natania. Unataka kuliandika?”

“Nimekwisha kuliandika. Sijui kwa nini.”

“Basi lifute, wala usilipeleke mlango wa pili. Kaka alipigana kwa ajili ya neno hilo.”

“Fundi? Fundi hajapigana na mtu!”

“Alipigana na binamu yetu, kwenye maziko, mbele za watu. Hukumbuki aliporudi na shati limechanika?”

“Aliniambia alinaswa na msumari.”

“Msumari!” Wifi akapiga makofi. “Msumari wenyewe ulikwenda kushonwa mdomo.”

Alipokwisha kumsindikiza, mwandishi alichukua penseli na kuandika pembeni, chini ya swali la mhariri, herufi tatu: kos. Ya nne ikamshinda. Kulifuta neno lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, na Fundi asingejua kamwe. Ila angebaki na fumbo lake, na katika maisha yake hakupata kuweza kukaa na fumbo. Tena aliona kwamba akilitoa kimya kimya, angekuwa anamficha mumewe kitu kwa hofu ile ile iliyomfanya mumewe amfiche habari ya shati. Akapiga moyo konde. Akakusanya karatasi, akatoka, akazunguka, akabisha hodi.

“Karibu, Karani. Umetulia huo mwisho?”

“Sikiliza uniambie.”

Akaketi, akasoma. Alisoma mpaka rangi akikaribia nyumba, mwalimu akisikia hatua zake, mlango ukifunguka. “‘Mwalimu alilichukua sanduku lake kwa mkono mmoja, akaliweka ndani. Akamwambia: Ingia. Leo nimekuoa.’” Hapo ndipo hadithi ilipokwishia. Mwandishi hakuinua macho. Alisikia chuma cha kuchomelea kikirudishwa kwenye kishikio chake.

“Kwa mkono mmoja?” Fundi aliuliza.

“Nini?”

“Sanduku. Umesema kwa mkono mmoja.”

“Ndiyo.”

“Basi halikuwa na kitu. Mtu anahamia na kazi yake, ana brashi, ana makopo, ana ngazi labda inafuata nyuma. Langu lilikuwa na transfoma mbili. Ulilishika kwa mikono miwili, likakushinda, ukalitua palepale kizingitini, ukaketi juu yake.”

“Mimi? Niliketi juu ya sanduku?”

“Na gauni lako la harusi. Ukacheka, ukasema hilo neno.”

Mwandishi alimtazama. “Neno gani?”

“Hilo ulilosoma. ‘Ingia, bwana, leo nimekuoa.’ Umelipunguza ‘bwana’.”

Katika kazi yake aliwahi kuwaza njia nyingi za mtu kugundua jambo: barua, picha, jirani mlevi. Hakuwahi kuwaza kwamba mtu aweza kuigundua kauli yake mwenyewe kinywani mwa mwingine, imetunzwa kikamilifu, pamoja na “bwana” yake. Alitafuta kumbukumbu hiyo ndani yake akakuta ukungu, na katikati ya ukungu kitu kigumu alichokikalia. Vidole vilikuwa vimekumbuka, yeye akiwa amesahau.

“Ulikasirika?” aliuliza, na udadisi ulikuwa umeishinda hofu.

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa kulijibu swali lilivyoulizwa. “Siku ile? Hapana. Siku ile nilifurahi mno. Niliona huyu hanichukui kwa kulazimishwa, ananitaka kwa kauli yake mwenyewe. Niliudhika baadaye, walipolisema wengine. Walilichukua, wakalichafua, kisha sikuweza kulirudia hata kukuuliza kama unalikumbuka.”

“Nilidhani mlango ule ulinitilia mimi.”

“Mlango niliwatilia wao.”

Redio iliyofunguliwa mezani, matumbo nje, ilitoa mkwaruzo mdogo, ikanyamaza.

“Likichapwa,” mwandishi alisema taratibu, “mtaa utakuona wewe humu. Watakuita bi harusi upya.”

“Waniite. Ule msumari wa shati ulikuwa binamu, naye amekwisha kung'oka meno mwenyewe, sina wa kupigana naye.” Kisha akaongeza, kwa ukali aliozoea kuutumia kutetea lipu: “Lakini lile sanduku ulitie uzito. Mtu akisoma kwamba limeinuliwa kwa mkono mmoja, atadhani huyo mwanamume alikuja mikono mitupu.”

Asubuhi yake mhariri hakungoja kupigiwa. Alipiga mwenyewe, pumzi zikimwenda mbio.

“Shikamoo, mama. Wachapaji wananikalia kooni. Lile neno tunalitoa?”

“Marahaba. Lile neno liache, tena uongeze ‘bwana’ baada ya ‘ingia’. Si kosa. Kosa liko mstari wa juu yake, nawe hukuliona. Umepata kalamu?”

“Ninayo.”

“Palipoandikwa ‘kwa mkono mmoja, akaliweka ndani’, futa. Andika: kwa mikono miwili, likamshinda, akalitua kizingitini, akaketi juu yake.”

Kalamu ilisikika ikienda, kisha ikasita.

“Mama, mbona hapa unaharibu? Bibi harusi mzima akalie sanduku mlangoni? Ukurasa wa mwisho huu.”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Ilivyokuwa?” mhariri akauliza. “Ilikuwa lini, mama?”

Mwandishi akacheka, kicheko kirefu kilichomfanya yule binti aondoe simu sikioni na kuitazama.

“Andika, mwanangu,” akasema. “Mtambo unakungoja.”