Bunduki Iliyomnyamazia Mzee Wanjala

Saa moja asubuhi, Hesbon Wanjala ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, bunduki imelala vipande vipande juu ya gunia tupu la mahindi. Anafuta kwa kitambaa kikavu, anapuliza, kisha anauinua mtutu juani na kuuchungulia kwa jicho moja. Ukimwona kwa mbali utadhani anapimwa macho.

Lakini hakuna wa kumwona. Njia ya kupeleka maziwa hupita hapa mlangoni, ila tangu Novemba majirani wamejichongea nyingine nyuma ya mashamba. Ni ndefu, na ina matope.

"Mtu anateleza na mtungi wake, maziwa yanamwagika," asema. "Afadhali yamwagike kuliko anisalimie. Sasa nifanye nini, bana?"

Wanjala, mwenye umri wa miaka 61, ni askari wa akiba katika kijiji kimoja juu ya mji wa Kitale, karibu na milima wanakoshukia wezi wa ng'ombe. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili bila mshahara, akila jasho la ekari moja ya kukodi. Mkewe, Nangila, yuko kwao Tongaren. Huonana mara moja kwa mwezi, mke akija, kwa sababu bunduki ya serikali haiachwi peke yake, wala haibebwi kwenda kumtembelea bibi.

"Nangila husema nilioa wawili," asema Wanjala, "na huyu mdogo ndiye ninayelala naye."

Hata kwenye matanga yeye husimama karibu na ua, mbali na jeneza. Watu hawapendi silaha isogelee maiti. Chakula humfikia mwisho, kikiwa kimepoa.

Kwa miaka mingi alibeba bunduki ya zamani, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi. Aliipaka oili chafu ya trekta kila Jumamosi, kama anavyopaka minyororo ya plau, na haikumkatalia hata siku moja.

"Ile ilikuwa punda," akumbuka. "Unaipiga, inalalamika, inaenda."

Mwaka jana zikaja mpya, nyepesi, nusu yake plastiki. Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Aliyezigawa aliwaambia kwamba hizi hazisumbui, hata kusafisha ni kidogo tu. Brashi hazikuja, waliambiwa zingefuata. Mpaka leo hazijafuata.

Wanjala akaipokea kwa heshima. Jumamosi ya kwanza akaipaka oili chafu, ndani na nje, mpaka ikang'aa kama paja la bwana harusi.

Kisha msimu wa mavuno ukafika. Mashine ya kupukuchua mahindi ilizunguka boma hadi boma, na yeye akawa analinda magunia, bunduki begani, makapi yakiruka kama inzi. Jioni moja, saa kumi na moja, wanaume wanne walitoa ng'ombe watano katika boma la jirani yake, Rahab Wamboi, mjane mwenye umri wa miaka 54. Wanjala alikimbia, akapiga magoti, akafyatua. Risasi ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikakwama. Akavuta, akapiga kitako chini, akavuta tena.

"Mmoja wao aligeuka akanitazama," asema. "Hakukimbia hata. Alitembea."

Kijiji hakikuamini kwamba bunduki ilikwama. Wengine walisema mzee aliingiwa na baridi ya woga. Wabaya zaidi walisema aliwauzia wezi risasi. Vijana wa steji ya matatu pale Kiminini walimbatiza "Mzee Moja", kwa ile risasi moja.

"Niaje, Mzee Moja," humwita. Naye huwajibu, "Ni poa, akina Sifuri."

Lakini akifika nyumbani hacheki. Aliandika barua tatu kituoni, akiomba bunduki ifunguliwe na mtu anayejua, jina lake lirudi. Mwezi uliopita akaja fundi wa silaha, Koplo Kemboi, kijana mpole. Aliifungua juu ya gunia lilelile. Ndani kulikuwa na kitu cheusi kizito, kama uji wa wimbi uliolala.

"Mzee, uliipaka nini hii?"

"Oili."

"Ya gari?"

"Ya trekta."

Kemboi alikwangua kidogo kwa ukucha. "Hii haitaki mafuta mengi, mzee. Imeshika makapi ya mashamba yote ya lokesheni hii."

Koplo aliandika kwamba silaha ilikwama. Hakuandika kwa nini. Kwa karatasi hiyo Wanjala angeweza kutembea kifua mbele. Badala yake alivaa koti lake la kanisa akaenda kwa Rahab, akasimama langoni, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Kagwe, sikuogopa. Ilikwama. Lakini ni mimi niliikwamisha, kwa oili."

Rahab alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Wewe mzee una wazimu," akasema. "Si ungeniachia niamini kosa ni la serikali? Sasa nitamkasirikia nani, na wewe umekuja hapa na koti?"

Hakumkaribisha. Ila pia hakumfukuza. Wanjala alisimama pale mpaka maharagwe yakaisha.

Ijumaa hii askari wa akiba kumi na wawili wa eneo hilo watakutana kwa chifu. Wanjala anajua angalau saba bado wanapaka oili chafu. Ameomba dakika kumi awaeleze kilichompata, na anajua watacheka. Baada ya hapo anataka kuirudisha bunduki, apande gari la Tongaren, akazeeke na mke mkubwa.

"Wacha wacheke," asema. "Wakimaliza kucheka, wafungue zao waangalie ndani."