Kisanduku Nilichofunga Ofisini kwa Mjomba

Admin, tafadhali usitaje jina langu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Matulo, na nimesomea kompyuta chuo kikuu. Nafanya kazi Kitale katika ofisi ya mjomba wangu, wakili, aliyenilea mama alipofariki. Nyumbani namwita khocha, yaani mjomba kwa Kibukusu, ofisini namwita Wakili.

Tulipohamia jengo jipya, mwenye nyumba alitukataza kutoboa kuta. Kompyuta zetu na printa ni za waya, lakini intaneti ya jengo ni ya hewani, inatoka saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti lililo chini yetu. Nikanunua briji, kisanduku kinachodaka mtandao wa hewani na kuupitisha kwenye waya. Siku hiyo hiyo kompyuta zote zikapata intaneti.

Nilimwomba mjomba tuweke neno la siri kwenye folda tunayotumia pamoja. Akacheka. "Si mashine zetu ziko kwa waya? Mtu ataingiaje kwa waya? Usinisumbue na mambo ya password bana, mimi ni mzee." Nilijua briji imetuunganisha na kila anayekaa saiba. Nikaiacha folda wazi, kwa sababu ni yeye aliyenilea.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kapsokwony, nitamwita Mama Neli, alikuja kueleza watu aliowaona wakimchukua mumewe kwa nguvu. Nilichapa maneno yake, nikakosea mahali pamoja: niliandika kwamba mmoja alivaa koti la kijani. Nilipomsomea akasema, "Hapana mwanangu, lilikuwa jeusi." Nikasahihisha kwa kalamu kwenye karatasi, akaweka alama ya kidole kama sahihi. Kwenye kompyuta sikugusa.

Jumanne alinipigia simu kutoka Bungoma, anaongea kama mtu anayejificha. Kijana asiyemjua alimsimamisha sokoni akamwambia, "Mathe, ati uliona koti ya kijani? Si ungenyamaza tu."

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo kijani ametoa wapi? Mimi sijawahi kumwambia mtu kijani."

Kijani ilikuwa imebaki kwenye faili letu la kompyuta tu. Nilishuka saiba, nikaketi kama mteja. Folda yetu ilikuwa pale, wazi. Nilifungua maelezo yake bila kuulizwa chochote. Kijana aliyekaa kando yangu, ambaye sijawahi kuongea naye, akatabasamu: "Sista wa kwa wakili, leo umeshuka? Ama huko juu net imelala?"

Nilipanda mbio, nikaweka neno la siri, lakini kilichosomwa kimeshasomwa. Nikamweleza mjomba kila kitu. Alifunga mlango. "Wamama huongea sokoni, usijitie hatia. Na ukimwambia huyo mama, leseni yangu imeenda. Nani alikusomesha wewe?"

Kesho asubuhi Mama Neli anaenda kujificha kwa dada yake Kachibora. Mjomba ndiye aliyemshauri aende huko, na mimi ndiye niliyeandika jina la dada huyo, na kijiji chake, na njia ya kufika, katika faili ile ile. Nilimkumbusha mjomba hilo leo. Akaendelea kunywa chai yake. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, na hilo linanitisha kuliko yule kijana wa saiba.

Nikisema, nitamwangusha mtu aliyenipa maisha. Nikinyamaza, mama wa watu ataingia nyumba ambayo huenda tayari wanaijua. Ametoka kunitumia ujumbe: "Asante binti yangu, Mungu akubariki, huko nitalala." Ndugu zangu, simu iko mkononi. Nimjibu nini?