Fimbo ya Kalitusi ku Dirisha ya Mama

Wewe mwenye ulikulia Butembo wakati nyumba zetu zilikuwa za udongo na manjanja, yale mabati, najua masikio yako ingali inakumbuka ule mulio: PAA! Ukisikia PAA kwa jirani, ulijua tu kama kuna mutoto mule anakaribia kulia. Juu dirisha ya wakati ile haikuwa na kioo. Ilikuwa mulango mudogo ya mbao, imefungiwa na sharnyeri mbili, ni kusema bawaba, kule juu. Unaisukuma inje, inainuka kama bawa ya kuku, kisha unaisimamishia fimbo chini ili isirudi. Na ile fimbo njo ilikuwa fimbo ya nyumba. Ilishika dirisha, ilifukuza mbuzi, ilinyoosha batoto. Mama akiikamata tu, dirisha inaanguka PAA, na kartiye yote, mutaa muzima, inajua. Kuko bengine balikuwa banajua mpaka sauti ya kila nyumba: "Leo ni kwa Kambale." "Hapana, ile PAA iko nzito, ni ya kwao Kasereka."

Kasereka ni mimi.

Leo mutu akitafuta mukono ya dirisha mu Butembo, ao Beni, ao kule Kamango karibu na mupaka, banamutuma kwangu. Ni mukono ya chuma ya kushika dirisha wazi, unaiweka asubui na unaitosha, unaiondoa, magaribi, bila nyundo, bila kufungula vis, zile skrubu, na mukono moja tu ya mwili wako. Mimi njo niliibuni. Sikuitosha mu kitabu, juu masomo niliiacha mu mwaka ya tano ya primere. Benye diplome banakuja ku atelye yangu, pahali ninafulia chuma, banaigeuza-geuza mu vidole, banauliza: "Papa Kasereka, ulisomea wapi?" Ninacheka. Nilisomea ku dirisha ya mama.

Dirisha yetu ilikuwa inaangalia barabara, na mama alikuwa anauzishia mule mandazi. Asubui, baridi ya Butembo ingali inauma magoti, tunasikia mafuta ya ngazi, ya mawese, inaimba ku moto, moshi ya kuni inatembea chini ya manjanja, na mama anasukuma dirisha, anasimamisha fimbo, tok! Pale pale harufu inatoka inje kutafuta batu. Nao balikuwa banakuja. Bamama ba Vuhovi na vitunga vya maharagi ku mugongo, basoda na bunduki zao, na mwalimu mumoja, mutu mukubwa wa mwili, wa kutoka Kasai, mwenye alisema mandazi ya mama njo inamusahaulisha kwao. Mama alikanda unga na mukono ya kuume mpaka meza inatembea yenyewe. Nimeona mashini mingi, sijaona yenye kukanda vile. Batoto ba leo banakula ile mukate ya mu sachet, ukiifinya inabakia imefinyika, na banaita ile kula.

Siye mupira tulifunga na majani ya ndizi. Mais lakini mufalme ya michezo yote ilikuwa serkle: jante ya kinga ya kufa, ni kusema chuma ya muviringo ya gurudumu ya baiskeli, unaisukuma na fimbo kutoka juu ya kilima mpaka chini ku kidaraja, mavumbi nyekundu inakufunika mpaka nyusi. Siku ya Mungu, jumapili, kisha misa, batoto bote balikuwa pale. Na kila mara alishinda Kambale, mutoto wa jirani, juu alikuwa na fimbo ndefu ya kunyooka. Yangu ilikuwa imepinda kama mukia ya nguruwe.

"Kasereka!" Kambale anapaza sauti mbele ya bote. "Serkle yako inatembea kama bibi-arusi! Umupikie chai basi!"

Batoto banacheka mpaka banaanguka. Na mimi, tangu nizaliwe, sikupenda kuchekwa.

Fimbo ya dirisha yetu ilikuwa ya kalitusi. Baba aliichonga yeye mwenyewe, ikanyooka kama mustari ya barua ya padri, ikalainika na mikono ya mama. Siku moja ya Mungu mama alikuwa amegeuka kutosha mandazi ku mafuta. Nikapita inje, nikakamata ile fimbo, na mu pahali yake nikasimamisha tete. Ukiiangalia mbio, tete na fimbo ni sawa. Nikasema mu roho: mbio moja tu, kisha ninairudisha.

Nilishinda. Nilimushinda Kambale mpaka yeye mwenyewe aliacha kukimbia ili aniangalie. Nikarudia barabara ninaimba jina yangu. Nilipokaribia nyumba, nikaona mwalimu wa Kasai ameinua dirisha yetu na mikono yote mbili, anaita: "Mama Paluku! Mama Paluku!" juu Paluku ni kaka yangu mukubwa. Na mama ndani amekaa chini, mukono ya kuume ameifunga mu kitambaa ya kichwa. Tete ilivunjika wakati alikuwa ananyoosha mukono kumupatia mwalimu mandazi. Dirisha ikaangukia vidole viwili. Mpaka leo vile viwili havijikunje.

Nikaficha fimbo mu majani ya ndizi nyuma ya nyumba. Batu bakajaa. Baba akauliza: "Ni nini iliangusha dirisha?"

Mama akakaza meno. "Ni upepo."

Mimi mwenye kusema mingi, nikaenda kuchota maji.

Baba alikuwa mulimaji, juma yote alikuwa analala ku shamba kule Vuhovi. Mbele ya kwenda, akasimama ku dirisha akasema: "Jumamosi nikirudi ninaipigilia misumari. Imekula mukono ya mutu, haitafunguka tena."

"Na mandazi nitauzishia wapi, Papa Paluku? Kule juu ku manjanja?"

"Mandazi imekwisha."

Sasa unielewe. Ile mandazi njo ilitulisha wakati baba ako Vuhovi. Na dirisha ile njo ilikuwa soko ya mama, kanisa yake, redio yake. Kwa ile dirisha alijua nani amezaa, nani amerudi kutoka Beni, nani amegombana na bibi yake. Ukiipigilia misumari, umemupigilia yeye. Na mwenye makosa nilikuwa mimi, na nilikuwa na siku sita.

Kesho yake, mu pahali ya kwenda ku masomo, nikaenda kwa Papa Muhindo, mutu wa kufua chuma. Alikuwa mufupi, kifua kama pipa, na chuma ilikuwa inamusikia kama mbwa inasikia mwenye kuifuga. Aliangalia rangi ya moto tu na akajua saa ya kupiga. Siku hizi kijana hajui kama chai yake imepoa mpaka telefone imuambie.

"Papa, ninaomba unisaidie kutengeneza chuma ya kushika dirisha."

"Na mwalimu yako anaomba nini? Kalasi iko kule."

"Dirisha ilikata mama vidole. Jumamosi baba anaipigilia misumari."

Akanionyesha muvukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto. "Puliza basi."

Ya kwanza yenye tulitengeneza ilikuwa chuma ya kunyooka na ndoana ku ncha zote mbili. Nikaona nimemaliza. Papa Muhindo akaiweka ku dirisha ya atelye yake, akapiga dirisha na kiganja kutoka chini. Ndoana zikaruka, PAA. "Upepo ya Butembo inashukaka," akasema, "mais inapandaka pia."

Ya pili nikaifunga ku ile dirisha ya atelye na misumari minene, chini na juu. Hata ng'ombe hangeitikisa. Papa Muhindo akacheka mpaka akaweka nyundo chini. "Ee, mutoto! Umemutangulia baba yako. Yeye alitaka kupigilia dirisha ikiwa imefungwa, wewe umeipigilia ikiwa wazi. Mvua ikikuja, mama yako atafunga na nini? Na atafungula na mukono gani?"

Pale nikaanza kungoa misumari. Juu mvua ya kwetu haipige hodi. Jua iko, unageuka, tayari inaingia mu unga. Dirisha ya mama ilipaswa kufungwa mbio. Na mikono yangu yote ya chuma ilitaka mutu mwenye mikono miwili mizima. Nilikuwa nimefikiri upepo, nimefikiri chuma, sikukuwa nimefikiri mama. Kwa hiyo leo nikifundisha bavijana ku atelye ninabaambia: angalia kwanza mukono ya mutu, kisha njo uangalie chuma.

Ikabakia siku moja. Asubui mama akaniita anifunge vifungo vya shati ya masomo, juu alifikiri ninaenda kusoma. Alitumia mukono ya kushoto peke yake. Nikataka kufunga mimi mwenyewe, akanipiga ku vidole: "Acha! Mimi ningali mama yako." Kifungo ikakataa. Ikakataa tena. Kisha akailaza ubavu, ikapita mu tundu, akaiachilia, ikageuka yenyewe na ikakaa. Hata ukivuta, haitoke. Nikaangalia ile kifungo kama mutu mwenye ameona Yesu. Nikakimbia, shati nusu wazi, mama nyuma yangu analalamika.

"Papa Muhindo! Kifungo! Tutengeneze kifungo!"

Hakuuliza mara mbili. Tukakata vibamba viwili vya chuma, kila kimoja na tundu nyembamba kama tundu ya shati: kimoja ya kupigilia chini ya dirisha, kingine ku mbao yenyewe. Ncha za mukono tukazipiga zikawa bapa na pana. Na katikati nikapinda chuma kidogo, ikapata tumbo. Ukishika ile tumbo iangalie juu, ncha zinaingia mu tundu na kutoka bila shida. Ukiiachilia, tumbo inaanguka chini na uzito yake, chuma inajigeuza, na ncha zote mbili zinajifunga ndani. Upepo ishuke, upepo ipande, haitoke. Na kazi yote inaombaka mukono moja. Papa Muhindo akaipiga na kiganja, akaipiga na bega. Kisha akaipiga teke. Akanipatia mukono kama unavyopatia mutu mukubwa. Nilikuwa na miaka kumi.

Jumamosi baba akafika na nyundo, misumari ameishika mu meno. Vibamba tulikuwa tumekwisha kupigilia.

"Hii ni nini tena?" akauliza kati ya misumari.

Mama nilikuwa nimemuonyesha mara moja tu. Akakamata ile chuma na mukono ya kushoto, akasukuma dirisha nayo, akaiweka, akaiachilia. Tok. Baba akatikisa. Akasukuma kutoka chini. Akaning'inia ku dirisha kama mutoto, miguu inaacha udongo. Haikutoka. Kisha mama, bila kuombwa, akainua tumbo ya chuma na kidole, akaitosha, na dirisha akaishusha polepole kama mutu anafunika mutoto mwenye kulala. Haikulia hata kidogo. Akaifungula tena.

Inje tukasikia sauti ya mwalimu wa Kasai: "Mama Paluku! Sasa leo iko mandazi, ao turudie kwetu?"

Baba akatosha misumari mu meno, moja moja, akaiweka mu mufuko. "Nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi."

Na tangu siku ile sijaacha kusema "ni mimi." Bajirani banajua, banachoka, mais banajua.

Nilibakia kwa Papa Muhindo mpaka nyundo yake ikawa yangu. Kisha ile mukono ikatembea kuliko mimi. Kuko mama mumoja alikuja ku atelye kutoka Kalunguta wakati batu balikuwa banakimbia vita. Alifungula kitenge yake, ndani mulikuwa nguo za batoto na mukono ya dirisha, ile yangu. "Nyumba nimeacha, Papa," akasema. "Hii njo ilikubali kutoka." Alikuwa anaomba vibamba tu, vya kuweka ku nyumba yenye bamemupangisha. Nilimupigilia mimi mwenyewe. Batu benye masomo hawajawahi kunisifu vile.

Leo batoto bangu banataka dirisha ya aluminyo, ile ya kusukuma ubavu. Sikatae, mimi pia ninaiuzisha, iko muzuri, inangaa. Mais inafungukaka nusu tu, na ile nusu, nani anaifungula? Kijana ako ndani na telefone, anaandikia mama yake mwenye ako ku jikoni, anauliza kama chakula imeiva. Jirani anapita inje, hakuna mwenye anamusalimia "wasinge," hakuna mwenye anajua kama amelala na njaa. Siye tulikuwa na dirisha mbaya zenye kukata vidole, na kila mutu alikuwa ndani yake anaangalia inje.

Mama angaliko. Nyumba nilimujengea upya, ya matofali ya kuchoma, nikamuletea aluminyo. Akaikataa. Alitaka ile mbao na ile mukono yangu ya kwanza, na magaribi anaitosha na kuiweka karibu na rozari yake. Juma iliyopita nilikuwa nimekaa naye pale ku dirisha, ninaangalia vile vidole viwili, na kitu ikanisukuma.

"Mama, ile siku haikuwa upepo. Ni mimi nilikamata fimbo."

Hakugeuka. "Kasereka, ile tete, nani aliifagia? Ulifikiri upepo ya Butembo inageuzaka kalitusi kuwa tete?"

Miaka yote ile! "Sasa juu ya nini haukunipiga?"

Akaniangalia kama unavyoangalia mutoto wa mwaka ya kwanza.

"Na fimbo gani?"

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi pia nikacheka mpaka machozi. Kisha tukasikiliza kartiye. Tulikaa vile mpaka magaribi, na hatukusikia PAA hata moja.