Leo nimempoteza mke wangu kwenye raundabauti

Leo nimemwonea mke wangu wivu hadi nikampoteza njia makusudi.

Daktari ameshaniambia nijiandae kwa safari ya mwisho, kwa hivyo sioni haja ya kuficha.

Tangu tuoane nimekuwa nikiendesha gari mimi. Mwaka huu miguu imekataa, ndipo mke wangu, Mama Nekesa, akajifunza. Sasa yeye ndiye anayenipeleka hospitali Nairobi, na anaendesha vizuri. Huku Kitengela majirani wanamsifu nikisikia.

Asubuhi tulifika ile raundabauti kubwa ya njia tatu, ambayo mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuielewa. Hospitali iko mbele moja kwa moja. Akaingia njia ya katikati, ndiyo yenyewe, bila hata kuniuliza.

Iliniuma.

"Kaa kulia kabisa," nikamwambia.

Akahamia kulia. Matatu zikatubana. Tukazunguka mara mbili tukipigiwa honi kila upande, mwishowe tukachomokea barabara nyingine kabisa. Polisi akatusimamisha.

"Mama, nani alikufunza kuendesha?"

"Ni mimi nimekosea, afande," akajibu. Hakunitazama.

Alipotuachilia nikamwambia ukweli, kwamba nilijua ile si njia.

"Baba Nekesa, hata mimi nilijua," akasema. "Lakini tangu tutoke nyumbani ulikuwa umenyamaza. Nilifurahi tu kusikia ukinielekeza."

Akawasha gari. "Haya, sasa nipite wapi?"

Nikamwelekeza vizuri mpaka hospitali. Wivu bado ninao.

Nyinyi mnaoendeshwa na wake zenu, mikono iliyozoea usukani huwa mnaiweka wapi?